Uwanja wa Kilio

Juzi, katika ofisi ya komini ya Kimemi, hapa Butembo, enjenia alitandaza mbele yetu mchoro wa nyumba ya pamoja ya familia zilizokimbia mauaji ya Beni. Jiko moja, bomba moja, salo moja ya kuketi, uwanja mmoja wa watoto. Mama mmoja mkimbizi akapitisha kidole juu yake polepole.

"Lakini, siku mutu amekufa, moto ya kilio tutawasha fasi gani?"

"Kilio itakuwa mu salo, mama. Batu makumi mbili banaenea."

"Kilio ya kwetu haiko ya batu makumi mbili." Akafunika kwa kiganja uwanja wa watoto. "Tutaikala hapa."

"Na batoto batacheza wapi?"

"Batacheza siku yenye kilio haiko."

Enjenia akashika kalamu, akaupanua uwanja. Sisi wenyeji wa Butembo, ambao hatukuulizwa, tukamwambia aongeze kidogo, nasi tupate pa kukaa.