Ishaka na Redio Isiyozimwa

Shemeji yangu Ishaka ni mtu wa maneno. Nimesema wa maneno, sikusema wa kazi, na wanaomjua kuanzia Mikindani mpaka Changamwe wamekwisha nielewa. Siku aliyokuja kumposa dada yangu Mwanasaumu alivaa koti jeupe kama la daktari, akamwambia marehemu baba kwamba yeye ni injinia wa umeme wa magari. Baba akamuuliza amesomea wapi. Ishaka akajibu kwamba kazi hii haisomewi, mtu huzaliwa nayo. Nilimdharau papo hapo, na mpaka leo sijaona sababu ya kuacha.

Mimi Mwinyihaji ni fundi wa viti vya magari. Cherehani yangu iko uwanja mmoja na karakana yake, pale Mikindani kando ya barabara ya Nairobi, kwa hivyo hakuna ninachosimuliwa. Namuona kila siku ya Mungu. Namuona anavyofunua boneti kwa vidole viwili, kama afunuaye kawa la biriani. Namsikia anavyomuuliza mteja swali kisha akajijibu mwenyewe. Wasaidizi hawakai kwake, kwa sababu kila kinachoharibika huharibiwa na msaidizi.

Jambo moja tu alilojisifia lilikuwa na ukweli ndani yake. Gari likitengenezwa kwa Ishaka, redio haisahau stesheni. Mafundi wengine wakichomoa waya wa betri, redio hupoteza kila kitu, saa nayo hurudi mwanzo, mteja akaondoka amenuna. Ishaka yeye alikuwa na betri yake ndogo ya pembeni. Huiunga kwa nyaya mbili kabla ya kuitoa ile kubwa, na redio ikaendelea kuimba kama kwamba hakuna lililotokea. Watu walimpenda kwa hilo. Gari halina breki, lakini mwenyewe anaondoka anatabasamu kwa kuwa taarabu yake haikukatika.

Sasa dada yangu. Mwanasaumu ni mwalimu wa chuo. Barazani kwake watoto husoma Kurani wote kwa pamoja, kila mmoja na sura yake, kelele tupu, naye amekaa anakuna nazi. Ghafla husema, "Wewe Mwanatabu, rudia hapo." Katika zogo lile lote amemsikia mtoto mmoja aliyekosea herufi moja. Masikio yale ndiyo riziki yake, na ndiyo yaliyowalisha wote wawili, maana mapato ya injinia yalikuwa yakiishia kwenye mirungi na mikutano ya barazani.

Adhuhuri humletea mumewe chakula. Na Ishaka, kwa kuwa hana msaidizi, alikuwa na mtindo wake. Dada akiweka tu bakuli chini, atamwambia, "Mwana, hebu keti hapo mbele ya usukani." Kisha yeye hujilaza chini huko na kupiga amri: washa, zima, kanyaga, acha. Mwalimu wa Kurani na buibui lake, anakanyaga breki za watu. Nilimwambia mara nyingi kwamba anamdhalilisha mke wake. Akasema mke ni mshirika.

Basi ukaja mwaka ule wa mvua za Elnino. Magari ya Kijapani yalikuwa yameanza kujaa mjini, yale yenye mfuko wa hewa uliokunjwa katikati ya usukani. Gari likigonga, mfuko hufumuka kumkinga dereva asijipige kifua. Anayeuamuru ufumuke ni kisanduku kidogo cha chuma kilichofungwa sakafuni, baina ya viti viwili vya mbele. Kikisikia kishindo kikubwa, hujua gari limegonga. Mama mmoja, Jerioth, karani wa shule huko Changamwe, gari lake liliingia maji mpaka vitini. Likakauka, likatembea, lakini taa nyekundu ya mfuko wa hewa ikawaka na kukataa kuzimika. Kisanduku kilikuwa kimekufa.

Mimi nilimshonea viti. Kisanduku akapewa Ishaka, ambaye maishani mwake hakuwahi kukigusa kimoja.

Kisanduku kipya aliletewa na Musyoka, kijana wa Machakos anayeuza vipuri. Musyoka hakuwa na makuu. Alimpa kile kitu na kumueleza yale aliyoelezwa na waliomuuzia. "Toa waya wa betri kwanza, fundi. Halafu ukae, unywe chai, umeme uliobaki ndani uishe. Kifunge hiki na bolti zake zote, huu mshale uangalie mbele. Ukimaliza kabisa ndio urudishe umeme. Na mtu asiketi pale kwa usukani."

Ishaka alimsikiliza huku anatazama kucha zake. "Kijana," akasema, "mimi nimeanza kazi hii wewe hujui kufunga kiatu."

"Ni sawa, mzee. Lakini toa betri."

Akaitoa. Sisi sote tulimuona. Alichomoa waya kwa madaha, akauinua juu tuuone, na Musyoka akaridhika akaenda zake. Jerioth naye akaenda dukani kununua soda. Ishaka akaagiza chai, akainywa kwa vituo, kama alivyoambiwa. Nikasema moyoni, leo amesikia la mtu.

Lakini chai ikinywewa, akaifungua redio ya gari lile, nayo ikaimba.

Nilinyanyuka kwenye cherehani nikamuuliza, "Shemeji, betri umeitoa, mbona redio yaimba?"

Akacheka. Betri yake ndogo ilikuwa chini ya bampa, ameiunga tangu asubuhi, kabla Musyoka hajafika. "Huyu mama anapenda idhaa yake," akasema. "Siwezi kumrejeshea gari bubu. Kijana yule amesema nitoe betri, na betri nimeitoa."

Nikamwambia umeme ni umeme, hauulizi umetoka betri gani. Akaniambia nirudi kwenye vitambaa vyangu. Wallahi, hivyo ndivyo alivyosema: vitambaa vyangu.

Akakitoa kisanduku kibovu, akachomeka kipya kwenye nyaya zake. Bolti hazikuingia. Kigango cha sakafuni, kile chuma cha kukishikilia, kilikuwa kimepinda kidogo, tundu zikapishana. Fundi mwenye akili angechomoa nyaya, akanyoosha chuma, akafunga, ndipo akarudisha umeme. Ishaka alikiacha kisanduku kinaning'inia na umeme wake, kwa sababu alikuwa na haraka ya kuiona taa ikizimika. Na wakati huohuo dada yangu akaingia na chakula.

"Mwana."

"Abee."

"Keti hapo, uwashe swichi."

Nikamwambia, "Mwanasaumu, usiketi. Yule kijana amekataza."

Dada akanitazama, akamtazama mumewe. "Ni mara moja tu, kaka," akasema, na akaketi. Alikuwa na wanafunzi wanaomngoja, alitaka kumaliza, ugomvi upite.

Akawasha swichi. Taa nyekundu ikawaka, ikakaa kidogo, ikazimika. Ishaka akatoa kichwa chini ya kiti cha abiria na kunitafuta kwa macho, uso umemjaa ushindi. "Umeona, bwana vitambaa?" Kisha akakumbuka zile bolti. Akachukua nyundo, akakiegemeza kisanduku kwenye kigango, na kukipigapiga kiingie. Dada aligeuza kichwa kushoto amtazame anafanya nini.

Kisanduku kilifanya kazi yake. Kilisikia kishindo, kikajua gari limegonga.

Sijui niueleze vipi mlio ule. Moshi mweupe ukajaa ndani ya gari, unanuka kama fataki. Mimi ndiye niliyefungua mlango na kumtoa dada yangu, buibui limejaa unga wa ule mfuko, mkono umeungua, shavu limevimba, damu nyembamba inamtoka sikio la kulia. Ishaka alikuwa bado sakafuni ameshika nyundo. Neno lake la kwanza, na nitalikumbuka mpaka naingia kaburini, lilikuwa hili: "Nani amegusa?"

Na redio, alhamdulillahi, haikupoteza stesheni.

Hospitali walisema ngozi ya ndani ya sikio imepasuka. Huenda ikaunga, huenda isiunge. Mkono ulipona, shavu likarudi, lakini barazani Mwanasaumu alianza kuwapanga watoto wote upande wa kushoto, na hata hivyo makosa yalimpita. Nilikaa siku moja nikamsikia Mwanatabu akikosea pale pale, naye hakuinua kichwa. Nilitoka nje nikalia, sioni haya kusema.

Ishaka je? Alianza kusimulia. Kwamba kisanduku kilikuwa kibovu. Kwamba Wajapani wanatuletea mabomu. Mwishowe ikawa yeye ndiye aliyemuokoa mke wake kwenye moshi. Huyasema haya nyumbani, kila siku, ameketi kulia kwa dada, kwa sababu kiti kizuri kiko upande huo. Husema, hutaka chai, husema tena. Dada anakuna nazi, hasikii. Ishaka huinuka mwenyewe akajimiminia. Aliacha hata kumwita karakana, maana msaidizi asiyesikia amri ana faida gani.

Mwaka jana Idi niliwatembelea. Ishaka alikuwa kwenye kiti chake, anamsimulia mgeni mmoja habari ya moshi. Alipotoka kumsindikiza mgeni, mimi nikakaa palepale alipokuwa yeye, upande wa kulia wa dada. Nikajisemea chini kwa chini, sauti ambayo hata mimi sikuisikia sawasawa, "Mtu mpumbavu kama huyu, sijaona."

"Mimi nimeona, kaka," Mwanasaumu akasema. "Kila siku."

Mikono yake haikusimama kwenye mbuzi ya nazi. Nikamtazama sikio, nikamtazama uso.

"Tangu lini lasikia?" nikamuuliza.

"Tangu Ramadhani ya mwaka ule ule," akasema. "Usimwambie."

Ishaka akarudi, nikampisha kiti chake. Akaomba chai. Dada anakuna nazi.