Dirisha Tulilolifungua kwa Barua

Kaka yangu alijua kanuni zote za kujenga nyumba katika nchi ambayo maji huganda ndani ya mabomba. Sisi tulikuwa Matrah, mji wa bandari wa Waarabu, katika chumba cha chini kisichokuwa na dirisha hata moja, na mama alikuwa na pumu. Miaka yote hii imepita na bado nikikumbuka nashikwa na hasira, nyingi yake juu ya nafsi yangu.

Tulihama Unguja mwaka wa 1964, baba, mama na mimi. Kaka alikuwa ameshakwenda Ulaya kusoma, huko kaskazini, na mambo yalipoharibika alibaki hukohuko. Akapata kazi katika ofisi ya wachoraji wa ramani za nyumba. Sisi jamaa za baba walitupokea kwa moyo safi, wakatupa chumba kilichokuwa ghala la tende. Kuta zake zilikuwa nene kama mkono wangu ulivyo mrefu. Tende hazihitaji kupumua, kwa hiyo aliyelijenga ghala hakuona haja ya tundu.

Barua za kaka zilifika kwa kuchelewa, mbili au tatu kwa pamoja. Mimi ndiye niliyekuwa nikizisoma kwa sauti, kwa kuwa baba alizoea herufi za Kiarabu na mama macho hayakuwa mazuri. Kaka hakuwa hodari wa kueleza mapenzi. Alitueleza kazi yake. Huko, alisema, ukuta wa nyumba ni kuta mbili, na katikati hutiwa kitu mfano wa pamba, lakini kimetengenezwa kwa kioo. Msingi lazima uchimbwe chini sana, kwa sababu ardhi ikiganda huvimba na kuinua nyumba. Paa liwe la mteremko mkali ili theluji isilibebeshe mzigo. Dirisha liwe na vioo viwili. Na kila chumba cha kulala, hata kiwe kidogo vipi, sheria inataka kiwe na dirisha linalofunguka, na mkaguzi huja na futi akapima, na likiwa dogo nyumba haikaliwi.

Kanuni hiyo ya mwisho mama alinifanya niirudie mpaka nikaihifadhi.

"Na baridi yote hiyo, wanalazimishwa dirisha?" aliuliza.

"Wanalazimishwa, mama."

"Basi mwandikie huyo mkaguzi apite na huku," alisema, akacheka, na kicheko kikamletea kikohozi mpaka baba akamkalisha.

Baba hakucheka. Nadhani aliona haya kwamba mwanawe anawachorea wageni madirisha na mama yake hana. Wiki ile ile alinitaka nimwandikie kaka kwamba tutafungua dirisha, akamleta fundi kutoka Darsait, kitongoji cha karibu, wakatoboa ukuta wa upande wa kichochoro. Ilikuwa kazi ya siku mbili. Walitia fremu na mbao za kufungia zilizotoka kwenye makasha ya chai, na dirisha wakaliweka chini, kama madirisha ya kwetu Unguja, ili mama akilala kitandani aone watu wanaopita. Upepo uliingia. Ulikuwa na harufu ya samaki mkavu na moshi, lakini ulikuwa upepo. Mama alilala mchana kutwa na mdomo wazi, na mimi nikakaa kumsikiliza tu anavyovuta pumzi bila ya kupiga filimbi.

Kosa letu lilikuwa la watu wa Unguja. Kwetu dirisha la chini linatazama njia na hakuna aliyewahi kuliuliza. Mwanamke hukaa nyuma ya mbao zake, akasalimiana na mpita njia, na mambo yamekwisha. Matrah dirisha letu lilikuwa limetazamana uso kwa uso na mlango wa jirani. Wanawake wake walishindwa kutoka. Jirani alingoja siku tatu baba aende kwake amwambie. Baba naye alisema, "Akiwa na neno atakuja mwenyewe." Siku ya nne akaja askari.

Siku zile kutoboa ukuta, kujenga, hata kutengeneza kilichobomoka, vyote vilitaka ruhusa, na sisi ruhusa hatukuwa nayo. Askari hakuwa mtu mbaya. Alisimama pale mpaka fundi akajaza mawe na udongo, akalisiliba, ndipo askari akaondoka. Mama alijifunika uso kwa kanga wakati wote huo, sijui kwa ajili ya vumbi au kwa ajili yetu.

Jirani alikuja jioni, ameinamisha kichwa. Alisema Kiarabu cha taratibu ili baba aelewe.

"Ungekuja kwangu kwanza tukanywa kahawa," alisema. "Ningekwambia uliinue, lipite kichwa cha mtu aliyepanda punda. Hapo hakuna anayeona ndani ya nyumba ya mwenzake. Ndiyo ada yetu."

"Sikujua, Sheikh. Wallahi sikujua."

"Na mimi sikujua kama ndani mna mgonjwa."

Kesho yake walikwenda pamoja kuomba shauri lifutwe. Wakaambiwa limeshaandikwa na karatasi imeshapelekwa juu, na mpaka jibu lirudi ukuta usiguswe. Jirani, aliyeshtaki, alikuwa anaomba tusihukumiwe, na hakuwa na uwezo tena. Ukenda kwa wenye chongo, vunja lako jicho, husema watu. Sisi tulichelewa kulivunja kwa siku nne.

Baba aliuliza jibu kila Jumamosi kwa miezi mingi. Baadaye akawa anakwenda ili mama amwone anatoka. Wakati wa joto mji mzima ulipanda kulala juu ya sakafu za mapaa. Tulijaribu kumpandisha mama mara mbili, na mara ya pili pumzi zilimkatika katikati ya ngazi, akawa buluu midomoni, tukamrudisha chini. Hatukujaribu tena. Nilimpepea kwa kipepeo cha ukili mpaka mkono ukafa ganzi, na nakiri kwamba kuna siku nilimchukia kwa kuwa hapumui kama watu wengine.

Kaka aliandika kuuliza: dirisha mlilosema mtalifungua, limefunguliwa? Mama analala?

Baba akaniambia niandike. "Mwambie limefunguliwa. Upepo unaingia. Mama yake analala usiku kucha."

"Baba, lakini—"

"Atafanya nini kule, mwanangu? Atakuja na nyundo? Atakosa usingizi bure."

Nikamtazama mama. "Andika," alisema. "Mwambie nnanenepa."

Nikaandika. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yetu ilikwenda zaidi ya miaka miwili, na mimi ndiye niliyekuwa nikiitengeneza. Nilianza kupenda kazi ile, na hilo ndilo linaloniuma. Niliandika juu ya mbao za dirisha tulivyozipaka rangi ya kijani. Niliandika paka wa jirani alivyozoea kulala kizingitini. Mama alikuwa akinitaka nimsomee kabla ya kutia barua kwenye bahasha, na akisikia juu ya paka alikuwa akitabasamu, amelishikilia godoro kwa mikono miwili.

Alikufa mwezi wa sita, 1970, mchana, katika chumba kile. Tulimwandikia kaka kwamba mama amefariki kwa homa.

Mwisho wa mwaka ule, baada ya kuingia mtawala mpya, waliokuwa nje wakaruhusiwa kurudi. Kaka alikuja na sanduku moja na koti zito alilolibeba mkononi kama mtu aliyebeba mtoto wa wenyewe. Alimkumbatia baba, akanikumbatia mimi, akaingia chumbani akakaa juu ya kitanda cha mama. Akatazama kuta nne, moja baada ya moja. Ilikuwa saa saba mchana na ilibidi niwashe taa.

"Dirisha liko wapi?"

Baba alinitazama mimi. Nikanyanyua taa, nikamwonesha pale udongo ulipokuwa na rangi nyingine. Kaka aliinuka, akapapasa mipaka yake kwa viganja, upana kisha urefu. Nilidhani atapiga kelele. Ningependa angepiga.

"Lilifungwa lini?"

"Siku nne baada ya kufunguliwa," nilisema.

Alirudi kukaa. Alizungumza na sakafu, wala hakutazama kwetu.

"Nlikuwa nshapata chumba," alisema. "Dirisha kubwa, linafunguka. Na daktari wa kifua nshamuona, alikuwa keshaandika barua ya kumuombea mama aje. Ilibaki kutiwa sahihi tu. Ikaja barua yenu. Nikamwambia daktari asijisumbue, mama yangu anapumua."