Kibali cha Kutohitaji Kibali

Jumatatu nilipanga foleni katika ofisi ya kaunti, Upper Marlboro huku Marekani, nyuma ya mama wa Kitanzania aliyevaa kanga na buti za kupandia vilima. Alitaka kibali cha kupita njia ya msituni, maana jirani mmoja ameweka bango la "Usipite" na humfokea kila Jumamosi.

"Mama, ile njia ni ya umma," karani akamwambia. "Haihitaji kibali."

"Basi niandikie hivyo hivyo, kwamba haihitaji. Halafu gonga muhuri."

Karani akacheka, akaandika. Muhuri wake ulisema "Imepokelewa" tu. Mama akaupuliza wino ukauke, akaikunja karatasi, akaichomeka kifuani.

Bango hilo nalijua, kwa hiyo Jumamosi nikaongozana naye. Jirani akatoka na mbwa wake, amefura. Mama akamkabidhi karatasi kwa mikono miwili. Bwana akaisoma, akautazama muhuri, akamvuta mbwa wake pembeni.

Sisi Wakenya tunajisifu kwamba hatutishwi na mtu. Lakini miaka miwili nimekuwa nikifika kwenye bango lile na kurudi nyumbani, haki yangu yote ninayo. Kumbe ilibaki kugongwa muhuri tu.