Chupa ya Meza ya Mwisho

Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, lakini sijapata kusikia kwamba Mungu ndiye anayesahihisha mitihani. Nasema hivi kwa hasira, na hasira yenyewe nimekaa nayo mwaka mzima.

Mimi ni mkutubi wa shule. Maktaba yangu imepakana na maabara, na mtunza maabara ni jirani yangu wa miaka kumi na tisa. Wanafunzi walimwita Matone, kwa sababu kwake kila kitu kilipimwa kwa matone: dawa, sabuni ya kuoshea vyombo, hata maziwa ya chai yangu. Hakusoma sana, ila alikuwa na neno moja alilomlea nalo binti yake na kuwachosha nalo watoto wa watu: "Andika ulichokiona, si ulichokariri."

Asubuhi ya mtihani wa vitendo wa bayolojia alipungukiwa iodini. Ni ile dawa ya kahawia inayogeuka bluu nyeusi ikikutana na wanga. Hilo hata mimi wa vitabu nalijua. Chupa mpya zilitosha meza saba. Ya nane akaitafutia chupa ya zamani, iliyokaa kabatini kifuniko kimelegea mpaka dawa ikapauka kama chai ya majani yaliyochemshwa mara ya pili. Aliinyanyua kwenye mwanga, akaniambia, "Itatuvusha, dada." Hakuijaribu. Mtu aliyepima maisha yake yote, siku hiyo akakisia. Nafasi za kukaa zikapigiwa kura, na binti yake akaangukia meza ya nane pamoja na wenzake watano.

Walipotoka walijazana barazani kulinganisha majibu. Matone alikuwa ndani anaosha vyombo, mimi niko dirishani kwangu.

"Kile kimiminika K mmeandika nini?" aliuliza kijana wanayemwita Profesa.

"Wanga. Si kiligeuka bluu nyeusi?"

"Kwetu meza ya mwisho hakikugeuka chochote," mwingine akasema. "Nikaona yasiwe mengi, nikaandika bluu nyeusi. Si ndivyo kitabu kinavyosema?"

"Hata mimi."

"Na mimi!"

Binti akawatazama mmoja mmoja. "Mimi nimeandika rangi haikubadilika. Hakuna wanga."

Waliangua kicheko hicho! "We naye! Wakutungie mtihani mzima halafu wakuletee maji ya bomba?"

"Lakini maswali yote ya mbele yalitegemea hilo jibu," akasema Profesa, na hapo kicheko kikakatika. Kila mtu alijua binti anaingojea nafasi ya chuo cha uuguzi, na chuo kilitaka alama ya juu ya bayolojia.

Mle ndani maji yaliacha kutiririka. Matone akatoka na ile chupa mkononi, akatupita bila salamu, akaelekea ofisi ya mkuu wa shule. Nilimfuata. Bahasha ya majibu ilikuwa mezani, haijafungwa bado.

"Nipe fomu ya hitilafu, mkuu. Dawa ya meza ya nane ilikuwa imekufa. Kosa ni langu."

Mkuu alipekua majibu ya meza ya nane, akavua miwani. "Ukiandika hivyo, wale watano walioandika bluu nyeusi waliiona wapi? Wataitwa wadanganyifu, na matokeo ya shule nzima yatazuiwa. Kwa ajili ya mtoto wako mmoja? Funika kombe mwanaharamu apite, mzee."

Matone akanigeukia, akisubiri nimwongezee neno. Na mimi, ninayejifanya mkali leo, niliangalia viatu vyangu. Mmoja wa wale watano alikuwa mpwa wangu. Bahasha ikafungwa.

Matokeo yalipotoka mpwa wangu alifaulu, tukamshangilia. Binti alikosa ile alama kwa daraja moja, na nafasi yake chuoni akapewa mwingine. Wanasema mchuma janga hula na wa kwao. Hili alichuma baba, akala binti peke yake.

Wiki ile ile alikuja maabara na kipande cha kiazi kilichochemshwa. Alikidondoshea dawa ya chupa mpya, kikawa cheusi. Akadondosha ya ile chupa ya zamani, ambayo baba yake hajaweza kuitupa hadi leo. Kiazi kikabaki vilevile.

"Basi niliona sawasawa," alisema. "Ulijua, baba?"

"Nilijua mlipotoka. Nilikusikia."

"Na bahasha ilikuwa wazi?"

Matone alishika kitambaa akaanza kufuta meza iliyokuwa safi. Sijawahi kumhurumia mtu na kumchukia kwa wakati mmoja namna ile, na nusu ya chuki hiyo ilinielekea mimi mwenyewe.

Sasa binti anarudia mtihani. Hufika maktaba mapema kuliko wote, anakaa kiti cha ukutani, na midomo yake haitulii kwa kukariri. Juzi mtihani wa vitendo ukiwa umekaribia, baba yake alichungulia mlangoni akiwa na chupa mpya kabisa, ameijaribu mara tatu. "Njoo ufanye mazoezi, mwanangu. Ujionee mwenyewe."

Hakuinua hata kichwa.

"Kuona kwa nini, baba?" alisema, akafunua ukurasa. "Majibu si yamo humu?"