Goodness, Gitaa na Chatu wa Mwandu

Hii ninayoandika hamtaiamini, na wala sijali. Mimi niliyeachia shule darasa la sita kwa sababu nilimshinda mwalimu hesabu (yeye alisema vingine) nilikuwepo, nikaona, na jicho langu moja linaona kuliko yenu mawili.

Goodness ni mpwa wangu, binti wa dada yangu Justina, fundi cherehani wa Somanda. Ule ugumu wa kichwa ameutoa kwetu ujombani. Kazi yake ni kushona sare za shule huku anatazama tamthilia kwenye simu. Humo kulikuwa na mke mdogo mkorofi, anamwaga chumvi kwenye uji wa mke mkubwa. Goodness alimchukia mpaka akajidunga sindano. Siku moja akaamua kumtafuta huyo mwigizaji mtandaoni amtukane.

"Mjomba, leo nampa ukweli wake!"

Akafungua ukurasa. Akamkuta yule dada amesimama mbele ya bendi, anaimba. Bendi inaitwa Raizoni Jazz. Vijana watupu, lakini wamevaa bugaluu, zile suruali pana chini za zamani, na muziki wao ni kama ule wa redio ya marehemu baba yangu, gitaa linabembeleza, tarumbeta zinaitikia. Goodness akasahau tusi. Akaurudia wimbo mara tisa, sketi ya mtu ikaungulia kwenye pasi.

Tangu hapo akaazima gitaa kavu la kwaya. Akawapata Paschal wa tarumbeta na Limbu wa ngoma, akawashonea bugaluu. Miezi minane, kila jioni, wimbo uleule unakatika palepale, naye anaanza upya. Vidole vilijaa malengelenge. Majirani waliomba mvua inyeshe wasisikie.

Dada yangu akachoka. "Nguo za watu zinalala, wewe unakuna nyaya. Nendeni Migato mkashindane. Mkikosa watu, gitaa linarudi kanisani, na sitaki kulisikia tena kwangu."

"Sawa, mayu," Goodness akamjibu mama yake. Aliyetetemeka ni mimi, maana mbina ya Migato, mashindano yetu ya ngoma, naijua. Pamba ikishauzwa, makundi mawili yanacheza uwanja mmoja, wakati mmoja. Jaji hakuna. Watu wenyewe wanahama kwa miguu yao, na jioni upande uliojaa ndio umeshinda. Na aliyepangiwa Goodness alikuwa Mwandu, mcheza chatu.

"Nikutafutie dawa ya kuvuta watu," nikamwambia. "Mimi wataalamu wote nawajua."

"Mjomba, dawa yako haikuvuta hata yule mbuzi wako aliyepotea."

Saa nane mchana wakaanza. Goodness akafanya kosa la mwanakwaya: akawapanga wenzake mstari mmoja, wima, wanatazama mbele kama wanamsubiri padri. Wapi! Mwandu akamvaa chatu shingoni, uwanja mzima ukahamia kwake. Upande wetu tukabaki saba, wanne ndugu. Nikaanza kuangalia njia ya kutokea.

"Mjomba, usithubutu," akasema bila hata kugeuka.

Halafu akawaona bibi zetu. Walikuwa wamekaa kwenye vigoda mbali kabisa, kwa kumwogopa chatu. Akawaita Paschal na Limbu, wakauvunja mstari, wakawafuata walipo. Akapiga magoti mbele ya bibi mmoja, Mboje, akamwamkia Kisukuma.

"Mwadila, mayu. Muziki huu mliucheza?"

"Mwadila. Niliucheza na babu yako, kabla hajaota kitambi. Ongeza mwendo, mtoto, unambembeleza nani?"

Akaongeza. Bibi Mboje akatupa fimbo, akamvuta wifi yake mkono, wakaanza kuteleza, hatua mbili huku, moja kule. Akanyanyuka wa tatu, wa nne. Huko kwa chatu mtu akapiga kelele, "Jamani, yule si mama yangu anacheza?"

Sasa nani atazame nyoka wakati mama yake anazungusha kiuno? Wakaja mmoja mmoja, halafu makundi, vumbi tupu. Kidole cha Goodness kikachanika. Wimbo ukafika pale unapokatikaga. Akauma meno, akapita.

Jua linainama, Mwandu akamfunga chatu wake kwenye gunia, akaja kucheza kwetu. Na Justina? Katikati ya duara, kanga kiunoni, habari ya gitaa kurudi kanisani haigusi. Kwa hesabu yangu upande wetu walifika watu elfu kumi na mbili, chatu naye akatoboa gunia akaja kusikiliza, na wimbo wa mwisho niliupiga mimi mwenyewe kwa mkono wa kushoto huku—

"Mjomba!" Goodness huyu hapa nyuma yangu, uzi mdomoni. "Elfu kumi na mbili? Walikuwa mia tatu, ukijumlisha na watoto wa mgongoni. Na gitaa ulilishika saa ngapi?"

"Tulia, mpwa wangu, nilikuwa naandika kwamba nililibeba, tena peke yangu, kutoka Migato mpaka Somanda kwa migu—"