Trei ya Maua Sita

Wako watu ambao wakistaafu hufuga kuku, na wako wanaorudi kulima. Mzee Balansi alistaafu na ndoo saba za risasi.

Nasema risasi ile metali nzito ya kijivu, si ile ya bunduki. Kwa miaka thelathini na mmoja kazi yake ilikuwa kusawazisha magurudumu ya magari kwenye karakana ya kando ya barabara, ndiyo maana jina alilopewa na wazazi wake likasahaulika na hili la Balansi likaganda. Gurudumu likishapimwa hugongewa kipande kidogo cha risasi ukingoni ili lisitikisike, na kile cha zamani hung'olewa na kutupwa chini. Wenzake walivifagia. Yeye aliviokota, akavitia mfukoni na kwenda navyo nyumbani, akisema ipo siku vitafaa. Siku yenyewe ilikuwa haijafika, lakini ndoo zilikuwa zimefika saba: mbili chini ya kitanda, tatu barazani, moja ikizuia mlango wa jikoni usijifunge, na ya saba imewekewa mto, wageni wanaikalia bila kujua wamekalia nini.

Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Keki kwa sababu ya kazi yake ya kuoka, alikuwa amezisema ndoo hizo mpaka mate yakamkauka. Mzee akajitia hamnazo. Ni mtu mwema, msije mkamdhania vibaya, ila akishaamua jambo huwezi kumtoa hapo hata kwa winchi.

Ndipo binti yao akapiga simu. Alikuwa amepata kazi, akataka mwanawe wa miezi kumi awe anakaa na babu na bibi siku za kazi; angemleta Jumamosi ya wiki inayofuata. Mzee alifurahi hadi akapaliwa na chai. Mjukuu huyo, mzee alikuwa hajawahi kumpakata hata mara moja. Siku aliyozaliwa, babu alikuwa na kikohozi kibaya, akaishia kumtazama kupitia dirishani. Baadaye wazazi wa mtoto wakahamia mji wa mbali, na tangu hapo alikuwa akimbeba kwenye picha ya simu tu. Picha yenyewe aliwaonyesha watu mpaka kinyozi akawa anaangalia pembeni akimwona anatia mkono mfukoni.

Lakini binti alikuwa hajamaliza. "Baba, nesi wa kliniki amenieleza. Vumbi la ile risasi linaharibu ubongo wa mtoto, na huyu anatambaa, kila anachookota anatia mdomoni. Ndoo zikiwepo, simleti. Nisamehe, Baba, lakini simleti."

Mzee Balansi akaketi kwenye ndoo ya saba kutafakari. Kisha akakumbuka alichokikalia, akasimama. Huyo binti mwenyewe alijifunza kutambaa katika nyumba hii hii, akishikilia ndoo ya kwanza ili asimame, na hakuna aliyewaambia kitu. Alikua salama, akasoma, akapata kazi. Mzee alimshukuru Mungu kimoyomoyo, na papo hapo akaona haya, haya ya mtu mzima ambayo haina pa kujifichia.

Kutupa haikuwezekana, maana wazoa taka walizikataa ndoo hizo kabla hata ya kushuka garini. Aliyekubali kuzichukua ni msuka nyavu mmoja ambaye risasi humfaa kwa vizito vya nyavu zake. Ila alitoa masharti: hataki vipande vichafu vyenye vibanio vya chuma, anataka risasi safi, iliyoyeyushwa na kumiminwa kuwa matofali madogo yanayoingia kwenye chungu chake cha kuyeyushia. Gari lake lingepita Ijumaa asubuhi. Hilo lilikuwa Jumatatu.

Kuyeyusha hakukumpa taabu. Alichokosa ni kalibu za kumiminia. Akaenda duka la vifaa, akaonyeshwa kalibu ya chuma kizito, nzuri, yenye mpini. Aliuliza bei, akairudisha kwenye rafu taratibu. Hapo lazima niseme ukweli: Mzee Balansi ni mkono wa birika. Alirudi nyumbani akimwambia mkewe kwamba nyumba nzima imejaa vyombo vya bure, kwa nini anunue.

Mama Keki alimpa sharti moja tu. Moto hauwashwi uani, bali kwenye kiwanja kitupu nyuma ya ukuta, mbali, na yeye atakuja kusimamia. Basi Jumanne mzee akavaa buti zake za kazi, glavu ndefu na barakoa, akawasha jiko la mkaa, akaweka sufuria nzito ya chuma. Mkewe akageuza ndoo tupu ya kufulia upande ule upepo unakotokea, akaketi na mwavuli wake.

Kwanza alijaribu makopo ya samaki. Aliyakausha juu ya moto kwanza, maana anajua tone moja la maji chini ya risasi ya moto huirusha usoni mwa mtu. Akamimina, akangoja, akageuza. Halikutoka hata moja. Makopo mapya yale yanayong'aa yamepakwa ngozi nyembamba ya bati, na risasi ikiwa moto huishika ngozi hiyo kama ndugu aliyepotea. Ilibidi ayakate kwa msumeno.

Akaona isiwe tabu, akachukua vipande vya bomba la chuma na kuviziba chini. Risasi iliingia vizuri sana na ikakataa kutoka vizuri vile vile. Aligonga kwa nyundo, akagonga tena, jirani akachungulia juu ya ukuta kuuliza kama kuna msiba au harusi. Saa tisa alasiri mzee alikuwa ameketi chini, ameshika tama, mbele yake kukiwa na mabomba manne yaliyojaa na ndoo saba ambazo hazijapungua hata kimo cha kidole.

Mama Keki sasa akasema, bila kupandisha sauti, kwamba mdomo wa bomba una upana sawa na kitako chake, na kwamba hata keki isingetoka humo. Kisha akainuka, akaenda ndani.

Alirudi na kitu kilichofungwa kwenye kitenge kilichopauka. Akakifungua mbele ya mumewe. Ilikuwa trei ya kuokea yenye vishimo sita, kila kimoja mdomo mpana na kitako chembamba, na kitakoni limechorwa ua la petali nane. Yote ilikuwa imeliwa na kutu, nyekundu kama tofali.

Mzee Balansi aliitambua mara moja. Trei hiyo Mama Keki aliachiwa na mama yake mzazi. Miaka kumi na tisa iliyopita, mzee aliichukua jikoni bila kuomba, akalowekea nati, akaisahau nje msimu mzima wa mvua. Walikaa wiki tatu bila kusemezana zaidi ya "chakula tayari". Mwishowe akamnunulia mpya, akaiweka mezani, akatoka. Kwake yeye huko ndiko kulikuwa kuomba radhi. Mkewe alimwambia ile ya zamani ameshaitupa.

"Ulisema umeitupa," mzee akasema.

"Nilisema."

Mzee akatikisa kichwa, akasema hapana, hiyo hataigusa, maana trei ikishatiwa risasi haiwezi tena kutiwa chakula mpaka mwisho wa dunia. Mama Keki akamkata jicho.

"Haijatiwa chakula miaka kumi na tisa kwa sababu yako. Mimina."

Aliikausha juu ya moto, akamimina. Alipoona risasi imepoteza mng'aro na kukwajuka juu, akaigeuza trei juu ya ubao na kuigonga mara moja. Maua sita yakaanguka kwa mpigo, safi, mazito. Kutu ile ile iliyokuwa imeharibu trei kwa keki ndiyo iliyoizuia risasi isishike. Wote wawili wakayatazama. Mama Keki ndiye aliyeanza kucheka, halafu akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, na hakusingizia moshi.

Mzee akavua barakoa. "Nisamehe kwa trei ya mama," akasema. "Nilipaswa kusema siku ile."

Mkewe akamjibu kwamba jiko linapoa.

Walifanya kazi hiyo Jumatano na Alhamisi, yeye akiengua vibanio vilivyoelea na kumimina, mkewe akihesabu kwa mbali na kutoa amri. Yalipatikana maua mia mbili na saba. Gari la msuka nyavu lilipofika Ijumaa, yalipakiwa yote pamoja na ndoo, majivu, sufuria na nguo za kazi ndani ya mfuko uliofungwa. Nikisema yote, natia chumvi. Moja lilikuwa ndani ya mfuko wa koti la mzee, limefungwa kwenye leso. Alitaka akae nalo tu, kwa sababu ya lile ua.

Gari lilipokuwa linawashwa, Mama Keki alitoka na trei mkononi. Hakuikagua, hakuibusu. Aliipandisha juu ya mzigo, akarudi nyuma, akafunga mikono kifuani. Mzee akamtazama. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa leso yote ilivyo, akaiweka juu ya trei. Mkewe hakugeuka, lakini bega lake likasogea mpaka likagusana na la mumewe.

Mchana kutwa walipiga deki, vitambaa vilowevu kila pembe, mara tatu, kama nesi alivyoagiza kupitia kwa binti. Usiku mzee alijisugua kucha kwa brashi mpaka mkewe akamwambia ataziondoa zote.

Jumamosi binti alifika, mtoto mgongoni. Alisalimia vizuri, kisha hakuona aibu hata kidogo: akainama chini ya kitanda, akapitisha kidole barazani, akafungua na kufunga mlango wa jikoni ambao sasa ulizuiwa na kigogo. Akasimama mbele ya baba yake.

"Baba, mikono."

Mzee Balansi akainyoosha, viganja juu, kisha akaigeuza kama mwanafunzi mbele ya mwalimu wa zamu. Binti akaishika, akaitazama kucha kwa kucha. Halafu akamfungua mtoto mgongoni, akamweka juu ya mikono hiyo.

Mtoto alikuwa mzito kuliko picha. Alimtazama babu yake usoni kwa makini, bila woga, akakikamata kidole chake cha shahada kwa mikono miwili, akakitia mdomoni. Mzee alishtuka, akataka kukichomoa, akamgeukia mkewe.

"Mwache," Mama Keki akasema. "Ni kisafi."