Kompyuta ya Shangazi na Malkia wa Papa

Sisi tuliokulia mtaa wa Buyenzi kabla ya kila mtu kuwa na simu, kompyuta tuliiona kwa watu. Mimi niliiona kwa shangazi Zaina, aliyekuwa na kiduka cha kuchapa barua na kutoa fotokopi karibu na soko. Chumba kilinuka wino na ndagala, vile visamaki vidogo, za kukaanga za jirani. Nikitoka shule nilifagia, na kama hakuna mteja, shangazi aliniachia kiti nicheze sataranji iliyokuwa ndani ya mashine ile.

Sataranji alinifundisha Papa, baba yangu. Tangu mama afariki, alikuwa akirudi kutoka kazini anakula kimya. Ila ubao ukishawekwa mkekani alianza kuongea: farasi anaruka hivi, mfalme usimwache peke yake. Alinifunga kila jioni, bila huruma, nami niliogopa kwamba siku akichoka kunifunga ataacha kuongea pia. Hofu hiyo ndiyo iliyonikalisha mbele ya kompyuta.

Nayo ilinifunga, tena kwenye daraja la chini kabisa. Umeme ukikatika mchezo wote ulipotea, na shangazi alisema tu nitaanza tena. Nilianza tena. Vijana wa leo wakifungwa mara mbili wanasema simu ina kasoro. Sisi tulijua kasoro ni yetu.

Siku moja nikajaribu kucheza kama Papa. Yeye alipenda kumtoa malkia mapema, na mimi nilikuwa namkimbia. Nikamtoa malkia vilevile, nione kompyuta itafanyaje. Haikukimbia. Ilileta farasi kumtisha, nikamwondoa. Ikaleta kete nyingine, nikamwondoa tena. Mwishowe malkia wangu alikuwa anatangatanga, na kete zote za kompyuta zimeshatoka kushambulia. Nikarudia mchezo huo siku baada ya siku, hadi mkono ukazoea majibu ya kompyuta.

Kisha Papa alipomtoa malkia wake, nikamfanyia kama kompyuta ilivyonifanyia. Alianza kwa haraka, akapunguza mwendo, akashika kidevu. Mfalme wake alipokosa pa kwenda, aliutazama ubao hadi nikaingiwa na wasiwasi.

"Nani alikuonyesha hii?"

"Ordinateri ya shangazi."

"Siku zote nilikuwa nakufundisha tu," akasema. "Leo ndio tumecheza."

Akaanza kupanga kete upya.

Siku hizi binti yangu anacheza kwenye simu. Simu inamwonyesha kosa lake papo hapo, na mimi ananifunga huku anakula. Juzi alishinda mchezo, nikamuuliza alikuwa anacheza na nani.

"Sijui, mama. Mutu tu."

Amefika mbali kuliko nilivyofika mimi, nakubali. Ila yule niliyemfunga mimi, kesho yake asubuhi alinimiminia chai, akaniuliza farasi yule niliamua kumtoa wakati gani, tukachelewa wote wawili, mimi shule, yeye kazini.